Milimita Moja kwa Siku

Mwambie mtu aliyevunjika mfupa wa juu wa mkono ainue kiganja kama trafiki anayesimamisha gari. Kiganja kikiinuka, mshipa wa fahamu unaozunguka nyuma ya mfupa ule unafanya kazi. Kikining'inia kama kitambaa kilicholowa maji, umeumia. Kipimo hiki hakitaki mashine wala umeme, na muda wake ni mfupi kuliko wa kuandika jina la mgonjwa kwenye daftari. Pamoja na hayo ni rahisi sana kukiruka. Mfupa uliovunjika unauma, unavimba, unaonekana kwenye eksirei, kwa hiyo kila mtu anaushughulikia huo. Mshipa wa fahamu hauonekani kwenye eksirei. Mgonjwa anafungwa hogo, anaambiwa arudi baada ya wiki sita, na siku hogo linapokatwa ndipo anagundua kwamba mfupa umeunga lakini mkono haumtii.

Simama Katoro, kando ya lami inayotoka Geita kwenda Chato, siku ya soko. Bodaboda wanapenya katikati ya malori na mikokoteni, abiria wawili wawili, mzigo mapajani. Nje ya mji kuna maduara ya wachimbaji wadogo: kifusi kinachoporomoka, kamba ya winchi inayokatika, mkanda wa karasha unaozunguka bila kinga. Wanaoumia wengi ni vijana, na katika ukanda huu wa dhahabu kijana anaajiriwa kwa mikono yake. Anashika nyundo na tindo, anavuta kamba, anashika usukani wa pikipiki. Mkono usiokunjika wala kukunjuka ni ajira iliyokwisha, hata kama mwenye mkono ana miaka 23 na afya tele.

Ndiyo maana habari za eksosomu zinastahili kusomwa kwa makini hata huku, mbali na maabara zinakotengenezwa. Kwa zaidi ya miaka kumi watafiti wamekuwa wakiandika kwamba chembe hizi, ndogo kiasi cha kutoonekana kwa darubini ya kawaida, zinaweza kuusaidia mshipa wa fahamu uliokatika kuota upya kwa kasi na kwa usahihi zaidi. Naamini kuna kitu cha kweli ndani ya maandishi hayo. Naamini pia kwamba kitu hicho bado hakijafikia hatua ya kuuziwa mgonjwa, na kwamba swali kubwa kwa mtu wa Katoro si lini dawa itafika, bali itamkuta katika hali gani.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Kiswahili chetu cha kila siku kina neno moja, mshipa, lililobebeshwa mizigo mingi: njia ya damu, kano linalovuta kidole, njia ya fahamu, hata ngiri na busha. Mgonjwa anasema mshipa umekatika, yeye akimaanisha ganzi. Anayemsikiliza anaelewa damu, anaona damu imekoma kutoka, anaridhika. Sina shaka kwamba mikono imepotea katika mkanganyiko huu wa neno moja. Hapa nitatumia neva, neno ambalo wauguzi wetu tayari wanalo mdomoni.

Neva si waya, ingawa wengi tumezoea kuilinganisha na waya. Waya ukikatika, vipande vyote viwili vinabaki waya. Neva ni nyuzi zilizo hai, na kila uzi ni mkono mrefu wa seli moja ambayo mwili wake uko kwenye uti wa mgongo au kando yake. Uzi unaofika kwenye kidole cha mguu unakaribia mita moja, na wote ni wa seli moja. Mwaka 1850 Mwingereza August Waller alikata neva za ulimi wa chura na kuangalia kinachotokea. Sehemu iliyobaki upande wa mwili wa seli iliishi. Sehemu ya mbele, iliyotengwa na chanzo chake, ilivunjikavunjika na kufa. Jambo hilo hutokea kwa binadamu pia, ndani ya siku chache tu.

Kinachofuata ni cha kustaajabisha. Kuzunguka kila uzi kuna seli zinazoitwa seli za Schwann, ambazo siku zote kazi yake ni kuulisha na kuufunika. Uzi ukifa, seli hizi hubadilika. Zinasafisha mabaki, zinaita seli za kinga zije kusaidia kufagia, kisha zinajipanga mstari, moja nyuma ya nyingine, na kufanya njia tupu inayousubiri uzi mpya. Uzi unaota kutoka pale ulipokatika, unaingia kwenye njia ile na kuifuata hadi kwenye misuli au ngozi.

Kasi yake ni kama milimita moja kwa siku. Sentimita tatu kwa mwezi. Hesabu hii ndiyo moyo wa jambo lote, kwa hiyo tuifanye polepole.

Kutoka kwenye kiwiko hadi misuli midogo ya kiganja, ile inayomwezesha mtu kushika sindano au kuhesabu noti, kuna sentimita 30 hivi. Neva iliyokatika kiwikoni na kushonwa siku ileile itahitaji siku 300 kufika. Sasa mchukue bodaboda aliyerushwa akaangukia bega, kichwa kikaenda upande mmoja na bega upande mwingine, neva za mkono zikavutika au kukatika pale zinapotokea shingoni. Kutoka hapo hadi kiganjani ni kama sentimita 70. Siku 700, karibu miaka miwili. Na misuli haisubiri kiasi hicho. Misuli iliyokaa bila neva kwa miezi 12 hadi 18 hunyauka, sehemu za kupokelea neva zinaharibika, nyama inageuka mafuta na makovu. Neva inaweza kufika mwisho wa safari na kukosa wa kumwamrisha. Seli za Schwann nazo huchoka: baada ya miezi mingi ya kusubiri, njia iliyotengenezwa vizuri inaanza kujifunga.

Kwa hiyo yule wa shingoni yumo hatarini kupoteza kiganja hata akishonwa siku ya kwanza na mpasuaji bora duniani. Yule wa kiwikoni ana nafasi nzuri, lakini akikaa miezi sita akisubiri ganzi iishe yenyewe, siku zake 300 zinakuwa 480, miezi 16, naye anaingia eneo la hatari. Ukisikia watafiti wanasema wanataka kuongeza kasi ya neva kuota, hesabu yao ndiyo hiyo. Kasi ikipanda kutoka milimita moja hadi milimita moja na nusu kwa siku, safari ya sentimita 70 inashuka hadi siku 467, miezi 15 na kitu, na kiganja kilichokuwa kimehesabiwa kuwa kimekufa kinapata nafasi.

Hapo ndipo eksosomu zinapoingia.

Mtu wa Katoro akitaka kumtumia ndugu yake wa Mwanza kitu, anakifunga, anaandika juu yake jina na namba ya simu, anakipeleka ofisi ya basi. Seli za mwili zina utaratibu unaofanana na huo. Zinafunga vifurushi vidogo vyenye ngozi ya mafuta, vya upana wa nanomita 30 hadi 150, na ndani yake zinatia protini na vipande vifupi vya RNA vyenye uwezo wa kuiambia seli nyingine iwashe au izime kazi fulani. Juu ya kifurushi kuna protini zinazofanya kazi ya anwani. Kifurushi kinatupwa nje ya seli, kinapokelewa na seli nyingine, kinafunguliwa.

Vilipoonekana mara ya kwanza, mwaka 1983, vilidhaniwa kuwa taka. Maabara mbili, ya Rose Johnstone kule Montreal na ya Philip Stahl kule St. Louis, zilikuwa zikichunguza chembe changa nyekundu za damu na kuona jinsi zinavyotupa nje vitu zisivyovihitaji tena. Jina eksosomu lilitolewa na Johnstone mwaka 1987, na kwa miaka mingi wachache walijali. Mambo yaligeuka mwaka 2007, Jan Lötvall na wenzake wa Gothenburg, Uswidi, walipoonyesha kwamba vifurushi hivi hubeba RNA na kwamba seli inayovipokea huisoma. Kumbe havikuwa taka, vilikuwa barua.

Kwa upande wa neva, kazi ninayoiona kuwa ya msingi ilitoka Chile mwaka 2013, kwa Felipe Court na wenzake. Walichukua eksosomu zinazotolewa na seli za Schwann zenyewe, wakaziweka kwa neva zilizojeruhiwa, kwanza kwenye vyombo vya maabara, kisha kwenye neva kubwa ya mguu wa panya. Nyuzi zilizopokea vifurushi ziliota zaidi. Walipofuatilia sababu waliona kwamba vifurushi vinapunguza nguvu ya protini iitwayo RhoA, ambayo hufanya ncha ya uzi unaoota irudi nyuma inapokutana na kizuizi. Kwa maneno mengine, seli za Schwann hazitengenezi njia tu, zinautumia uzi ujumbe wa kuutia moyo uendelee. Tangu hapo watafiti wengi wamejaribu eksosomu za seli shina zinazopatikana kwenye mafuta ya mwili, uboho na kitovu cha mtoto mchanga, na kwa panya matokeo mengi yanaelekea upande mmoja: uvimbe unapungua, mishipa midogo ya damu inaota, seli za kinga zinaacha kupigana na kuanza kujenga. Mwaka 2020 watafiti wa Henry Ford kule Detroit waliripoti kwamba panya wenye kisukari waliopewa eksosomu za seli shina walirudishiwa sehemu ya kazi ya neva zao za miguu.

Kwa nini vifurushi, na si seli shina zenyewe? Kwa sababu seli ni kiumbe kinachoishi. Ukiipandikiza inaweza kufa, inaweza kukataliwa na mwili, inaweza kuzaliana pasipotakiwa. Kifurushi hakizaliani. Kinaweza kugandishwa, kuhifadhiwa, kupimwa na kutumwa. Kwa nchi kama yetu hoja hii ina uzito, maana dawa inayosafiri ni rahisi kufika kuliko kiwanda cha seli hai.

Lakini panya si mtu, na katika jambo hili tofauti yao ni ya sentimita. Neva ya panya husafiri sentimita chache tu kufika mwisho wake, na inaota haraka kuliko yetu. Panya karibu wote hupona kwa kiasi fulani hata wasipopewa chochote. Dawa inaonekana imefanya kazi kwa kuwahisha tu kile ambacho kingetokea. Tatizo la binadamu, misuli inayokufa wakati uzi bado uko njiani, panya halijui vizuri. Kwa hiyo mafanikio ya panya hayatoi jibu juu ya bodaboda mwenye jeraha la shingoni, ambaye ndiye hasa anayehitaji kasi hiyo.

Kuna pia ugumu wa kipimo. Dawa ya kawaida tunaijua kwa miligramu. Eksosomu wengine wanazihesabu kwa idadi ya chembe, wengine kwa uzito wa protini, na chupa mbili kutoka maabara moja zinaweza kutofautiana kwa sababu seli zilizozitoa zililishwa tofauti. Jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa vifurushi hivi imetoa miongozo mwaka 2014, 2018 na 2023, na imefika hatua ya kushauri kwamba neno eksosomu lisitumike ovyo pale ambapo mtafiti hajathibitisha chembe zake zimetoka sehemu gani ya seli. Ukizichoma kwenye mshipa wa damu, sehemu kubwa inaishia kwenye ini na bandama. Kwa neva iliyojeruhiwa kwa kawaida huwekwa palepale jeraha lilipo, na mara nyingi hiyo ina maana ya mpasuaji aliyeifungua sehemu ile kwa kisu na kuishona neva kwanza. Jambo hili matangazo hayalisemi: eksosomu hazichukui nafasi ya mshono. Pale ambapo neva imekatika kabisa na ncha mbili zimeachana, hakuna kifurushi kitakachozivuta zikutane.

Hadi sasa hakuna jaribio kubwa la binadamu lililothibitisha kwamba eksosomu zinarudisha mkono au mguu uliopoteza neva. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha bidhaa hata moja ya eksosomu kwa ugonjwa wowote. Desemba 2019 ilitoa onyo kwa umma baada ya wagonjwa wa jimbo la Nebraska kudhurika kwa bidhaa zilizouzwa kwamba zina eksosomu. Kama hilo linatokea kwenye nchi yenye wakaguzi wengi kiasi kile, tangazo linaloingia kwenye simu ya mtu wa Geita, likiwa na picha ya chupa ndogo na maneno ya kurudisha neva ndani ya wiki mbili, halina wa kulikagua isipokuwa msomaji wake. Kwetu mwenye mamlaka ya kusajili dawa ni TMDA, na dawa ya kuchomwa ambayo haimo kwenye sajili yake haipaswi kuingia mwilini mwa mtu, iwe imetoka Dubai au Marekani.

Wapo watakaosema yote haya hayatuhusu, kwa kuwa eksosomu kwa kawaida huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri na sisi umeme wenyewe unakatika. Hoja hii siikubali. Chanjo ya Ebola ilihitaji baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, na kuanzia Agosti 2018 ilibebwa hadi Beni na vijiji vya Kivu Kaskazini, penye vita, barabara mbovu na umeme wa kubahatisha. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Baridi ilipelekwa kwa sababu kulikuwa na dawa iliyothibitishwa na watu walioamua kuipeleka. Dawa ya neva ikithibitishwa, hatutakuwa na sababu ya kusema Katoro ni mbali mno.

Suala lingine, ambalo waandishi wa eksosomu hulipita haraka, ni chanzo cha jeraha. Neva za watu wa ukanda huu haziumizwi na ajali tu. Kisukari kinaziharibu kimyakimya kuanzia vidole vya miguu, mtu anaanza kuhisi moto au sisimizi chini ya nyayo, kisha hahisi kitu, kisha anakanyaga msumari asijue. Bakteria wa ukoma hukaa ndani ya seli za Schwann zenyewe. Tanzania ilifikia lengo la kimataifa la kupunguza ukoma mwaka 2006, lakini wagonjwa wapya bado wanapatikana, na dawa zake ni za bure. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi inaweza kuleta ganzi kwa mtu asiyepewa vitamini B6 pamoja nayo, na wachimbaji wanaovuta vumbi la mawe wako kwenye hatari kubwa ya kifua kikuu. Sindano za kwinini zilizochomwa takoni vibaya ziliwaacha watoto wa Afrika Mashariki wakiburuta mguu maisha yao yote. Kwa kila mmoja wa hawa, kumwaga vifurushi vya kujenga juu ya neva huku kinachobomoa kikiendelea ni kazi ya bure. Sukari ishushwe, ukoma utibiwe, kisha ndipo tuzungumze ujenzi.

Hapa niseme kidogo juu ya dawa ambayo tayari ipo kwenye kila duka la dawa. Mtu akilalamika ganzi anauziwa vidonge au sindano za mchanganyiko wa vitamini B, mara nyingi bila kupimwa sukari wala kuulizwa anatumia dawa gani. Kwa aliyepungukiwa na vitamini hizo, ni tiba halisi. Lakini vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe inaharibu neva za hisia. Nimeona watu wazima wanaozitumia miezi na miezi kwa sababu ganzi haiishi, wakiongeza dozi kila ganzi inapoongezeka. Kipimo cha sukari kwa tone la damu la kidoleni kingewaambia zaidi.

Ushahidi kwamba kazi ndogo kama hizo zinaokoa viungo haupo mbali. Miaka ya 2000 Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliendesha mradi wa mguu wa kisukari uliowafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kukagua miguu, kusafisha vidonda na kumfundisha mgonjwa kuangalia nyayo zake kila siku. Vituo vilivyoshiriki viliona matokeo bora kwa wagonjwa wao. Hakuna aliyehitaji maabara ya seli. Walihitaji uzi wa nailoni wa kugusia ngozi kupima hisia, na macho yanayotazama chini.

Kwa majeraha ya ajali pia kuna kitu kilichotangulia eksosomu ambacho nashangaa hakizungumzwi. Tessa Gordon na wenzake nchini Kanada walionyesha kwamba neva ikishatengenezwa na mpasuaji, kuipitishia umeme mdogo wa mapigo 20 kwa sekunde kwa saa moja tu kunaziamsha seli zianze kuota mapema. Hili limejaribiwa kwa watu, kwa kura ya nani apate na nani asipate, kuanzia wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa neva ya kifundo cha mkono mwaka 2010 na baadaye kwa majeraha ya vidole na ya kiwiko. Majaribio hayo ni madogo, lakini ni ya binadamu, na kifaa chenyewe si cha ajabu. Kama ningeulizwa shilingi ya kwanza ya kuharakisha neva iwekwe wapi, ningeiweka hapo.

Shilingi ya pili ningeiweka barabarani, yaani kwenye njia ya mgonjwa. Neva iliyokatwa na kitu chenye makali, panga au bati, inatakiwa kushonwa ndani ya siku chache, kabla ncha hazijarudi nyuma na kukakamaa. Neva iliyopondwa au kuvutika inaweza kusubiriwa miezi mitatu, ikipimwa kila mwezi, na isipoonyesha dalili ipelekwe kwa mpasuaji kabla nusu mwaka haujaisha. Herbert Seddon aliligawa jambo hili mwaka 1943 kwa viwango vitatu ambavyo vinafaa hadi leo: neva iliyoshtuka tu na itaamka yenyewe kwa wiki chache, neva ambayo nyuzi zake zimekatika lakini ganda lake ni zima, nayo huota yenyewe, na neva iliyokatika yote, ambayo bila kushonwa haitapona kamwe. Siku ya kwanza hizi tatu zinafanana, kiganja kinaning'inia vilevile. Kinachozitenganisha ni kumpima mgonjwa tena na tena na kuandika.

Mgonjwa wa Katoro anayehitaji mpasuaji bingwa anaweza kuelekezwa hospitali ya kanda ya Chato, Bugando kule Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam. Safari ya Mwanza imebadilika. Zamani ilikuwa ni kusubiri kivuko pale Busisi, foleni ya magari, upepo wa ziwa, na usiku kuwa mrefu. Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi, la kilomita 3, lilifunguliwa, na sasa gari linavuka kwa dakika chache. Kilichobaki kirefu ni kile kipande cha mwanzo: kuanzia mkono unapolegea hadi mtu wa kwanza anapotamka kwamba hii ni neva. Kipande hicho hakihitaji daraja. Kinahitaji tabibu anayemwambia mgonjwa ainue kiganja, atanue vidole, aguse kidole kidogo kwa gumba, ainue ncha ya mguu, kisha aandike alichokiona na tarehe yake. Na katika miezi ya kusubiri, kinahitaji mtu wa kumwonyesha mama au mke wa mgonjwa jinsi ya kuvinyoosha vidole vile mara kadhaa kwa siku ili viungo visikakamae. Neva ikifika kwenye kidole kilichogeuka ukuni, imefika bure.

Linabaki swali la uthibitisho, na ndilo linalonirudisha Katoro kwa namna nisiyoitarajia.

Mfupa wa juu wa mkono ukivunjika katikati, kwa kila watu 100 kama 12 huumia neva ile inayoinua kiganja. Kati ya walioumia neva hiyo, saba katika kila kumi hupona wenyewe, bila upasuaji wala dawa, kwa kuwa neva nyingi zimeshtuka au kupondwa tu. Sasa fikiri mtu anafungua chumba mjini, anachoma eksosomu kwa kila mwenye kiganja kilichoning'inia. Saba katika kumi watapona. Watampigia simu kumshukuru, watasimulia sokoni, watatoa ushuhuda wa kweli kabisa, maana kweli walilegea na kweli wamepona. Angewachoma maji ya chumvi wangepona hivyohivyo. Si lazima awe mwongo; anaweza kuwa anaiamini kazi yake kwa moyo wote. Njia pekee ya kujua ni kuwa na watu wengine wenye jeraha lilelile, ambao hawakuchomwa, na kuwapima wote kwa kipimo kimoja na mtu asiyejua nani ni nani.

Mwaka 2003 Katoro iliwahi kuwa watu hao wengine. Watafiti walikwenda Rwamagasa, kijiji cha wachimbaji kilicho kilomita 30 hivi kutoka hapa, kuchunguza zebaki inawafanyia nini wanaochoma dhahabu. Yule anayeweka donge la dhahabu na zebaki juu ya moto huvuta mvuke usio na rangi, na mvuke huo huenda hasa kwenye ubongo: mikono inatetemeka, mwendo unayumba, mate yanajaa, mdomo una ladha ya chuma. Ni madhara ya fahamu ambayo eksosomu za mkononi haziyagusi. Walipima watu 180 wa Rwamagasa. Lakini kutetemeka kwa mtu mmoja hakusemi kitu mpaka ujue watu wa eneo lilelile, wanaokula chakula kilekile na kufanya kazi ngumu zilezile bila zebaki, wanatetemeka kiasi gani. Kwa hiyo walikuja Katoro na kuomba watu 31.

Watu hao hawakuwa wagonjwa, na wala hawakuwa na kitu cha kupata. Walitoa damu, mkojo na unywele. Waliambiwa wafumbe macho na waguse pua kwa kidole, wagonge karatasi kwa penseli haraka wawezavyo, wazirudishe njiti za kiberiti kwenye boksi huku saa ikihesabu. Majibu yao yalipowekwa kando ya yale ya Rwamagasa, tofauti ikaonekana: zebaki ilikuwa nyingi zaidi katika miili ya watu wa Rwamagasa, na waliokuwa wakichoma dhahabu ndio waliovuka viwango vya hatari. Bila zile dakika za njiti za kiberiti hapa Katoro, ugonjwa wa Rwamagasa ungebaki kuwa maneno ya watu. Siku jaribio la kweli la eksosomu litakapofika Kanda ya Ziwa, litahitaji watu wenye viganja vilivyoning'inia watakaokubali kupigiwa kura, wengine wapate na wengine wasipate, na tabibu mwenye daftari la tarehe tangu siku ya kwanza ya kila mmoja wao.